Safari ya Ukara

SOMO LA 16

Mavuno yamekwisha. Mahindi yamo ghalani. Mbaazi zimepurwa na kupepetwa. Vitunguu vimeuzwa, na deni la mbolea limelipwa. Jioni moja wewe na mwenzako mmekaa mlangoni. Mnasema: "Mwaka huu na sisi twende kutembea."

Ni jambo jema. Sisi watu wa Karatu tumezoea kuona watu wengine wakitembea. Kila asubuhi magari hupita mjini kwetu kwenda lango la Lodoare, kisha Ngorongoro. Wageni hutoka Ujerumani, Marekani na Japani. Tumewapikia. Tumewafulia mashuka. Tumewaendesha. Lakini ukimwuliza mtu wa hapa, "Je, wewe umetembea wapi?", huenda akajibu: "Nimefika Arusha, nilikwenda hospitali." Kwenda hospitali si kutembea.

Katika somo hili tutapanga safari moja, hatua kwa hatua. Tutakwenda kisiwani. Kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji pande zote. Kisiwa chetu kinaitwa Ukara. Kimo ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Ukerewe, katika Mkoa wa Mwanza. Ni mbali, na ni mahali pa upepo. Chukua daftari na kalamu, kwa sababu safari hii ina hesabu.

Kwa nini Ukara?

Ukara ni kisiwa kidogo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 80 hivi. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro, kule chini wanakolisha nyumbu na pundamilia, ni kilomita za mraba 260 hivi. Basi ungeweza kuviweka visiwa vitatu kama Ukara ndani ya kreta, na nafasi ikabaki. Na kisiwani wamejaa watu, si nyumbu.

Tokea zamani Wakara walijua kwamba shamba likichoka hawana mahali pa kuhamia. Kwa hiyo hawakuliacha lichoke. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, mahali palipochimbwa chini kidogo, wakaletewa majani humo humo. Samadi ilikusanywa, ikabebwa kichwani mpaka shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya kunde. Hawakuupanda ili waule. Waliufukia udongoni uoze, shamba lipate nguvu. Kando ya ziwa walichimba mashimo yenye maji, wakaotesha humo majani ya ng'ombe. Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Mabwana shamba walianza kuandika juu ya kilimo cha Ukara tangu miaka ya 1930, na waliandika kwa mshangao.

Mzee wa Kiiraqw akisomewa habari hizi atatabasamu. Kule Kainam, Mbulu, ambako wengi wa Karatu wana asili yao, wazee nao walilala nyumba moja na ng'ombe. Walijua kazi ya samadi. Ardhi ilipowabana, wengine walihama wakaja Karatu. Wakara nao walipobanwa, wengine walivuka maji wakahamia bara. Ukifika Ukara utakuwa mgeni, lakini mtakuwa na la kuzungumza.

Kabla ya Ukara utapita Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Mji wake ni Nansio. Huko utakula machungwa na samaki aina ya sato. Pale Bukindo kuna jumba la zamani la watemi wa Ukerewe. Na katika kisiwa hiki alizaliwa Aniceti Kitereza, mwaka 1896. Alitunga kitabu kikubwa kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliotaabika kutafuta mtoto. Miaka mingi hakikupigwa chapa. Mwishowe mwenyewe alikitafsiri kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata, 1981, mzee Kitereza akafariki.

Jambo moja zaidi juu ya Ukerewe linatuhusu sisi tunaosoma darasa hili. Mwaka 1970 uliitwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwisho wa mwaka huo Mwalimu Nyerere alitaja sehemu sita za nchi ambazo zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla mwaka 1971 haujaisha. Sehemu hizo zilikuwa Kilimanjaro, Pangani, Masasi, Dar es Salaam, Mafia na Ukerewe. Tazama, mbili kati ya hizo sita ni visiwa. Ukikutana na bibi wa Ukerewe mwenye umri mkubwa, mwulize kama alisoma darasa la chini ya mti mwaka huo. Pengine ana mengi ya kukueleza.

Njia ziko mbili

Njia ya kwanza hupita Ngorongoro na Serengeti. Yako mabasi yanayotoka Arusha kwenda Musoma kwa njia hiyo, nayo hupitia Karatu. Utapanda mlima mpaka ukingo wa kreta, utashuka upande wa Olduvai, utapita uwanda wa Serengeti penye vilima vya mawe. Kwa mbali vilima hivyo vyenyewe ni kama visiwa katikati ya majani. Kisha utatoka hifadhini na kuingia Mkoa wa Mara. Muulize dereva kama atapita Bunda. Kama hapiti, akuambie utashuka wapi ubadili gari. Kutoka Bunda kuna barabara ya kwenda Kisorya, ziwani. Hapo utapanda kivuko, ambacho wengine hukiita pantoni. Utavuka kipande kifupi cha maji na kufika Rugezi, ambapo ni Ukerewe.

Njia hii ni fupi, tena ina wanyama. Lakini unapita ndani ya hifadhi mbili, na abiria hulipa kiingilio. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, ila analipa. Chukua kitambulisho chako. Tena magari hayaruhusiwi kusafiri hifadhini usiku. Basi likiharibika njiani, mnaweza kulala huko.

Njia ya pili haina kiingilio. Unashuka Makuyuni, unapanda gari la Babati na Singida, kisha Nzega, Shinyanga mpaka Mwanza. Ni lami, lakini ni mzunguko mrefu. Kutoka Mwanza kuna meli za kwenda Nansio, mwendo wa saa tatu hivi majini. Mtu anayetapika ndani ya gari apendelee njia ya kwanza, kwa sababu kipande chake cha maji ni kifupi.

Kutoka Nansio utakwenda kwa gari mpaka Bugolora, upande wa kaskazini wa Ukerewe. Hapo ndipo pa kuvukia kwenda Bwisya, gati la Ukara.

Upepo

Wewe wa Karatu unaujua upepo. Mwezi wa Julai ukipanda ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ukungu hukufunika na baridi hupenya blanketi. Upepo hutoka mashariki. Hupanda mlima na kuuachia msitu wa upande wetu maji yake. Ukivuka kwenda upande wa Olduvai umekuwa mkavu. Huko kuna kilima cha mchanga mweusi, chenye umbo la mwezi mwandamo. Ni majivu yaliyotoka mlima Oldoinyo Lengai. Upepo hukisukuma kilima hicho, nacho hutembea mita 17 hivi kila mwaka. Upepo unaohamisha kilima hautashindwa kuusukuma mtumbwi.

Upepo wa ziwa una tabia yake. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo mchana upepo hutoka ziwani kwenda pwani, na mara nyingi mawimbi huanza kukua baada ya adhuhuri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, na upepo hutoka pwani kwenda ziwani. Pepo za pande zote hukutana katikati ya ziwa, na hapo ndipo radi na mvua za usiku huzaliwa. Juu ya haya, kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu zaidi. Msimu wa mvua nao una dhoruba zake za ghafula.

Basi panga kuvuka asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Usivuke usiku. Jioni kabla ya kuvuka sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari za upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria. Kisha uliza wavuvi. Mvuvi akikuambia, "Leo ngoja," usimwulize mara ya pili.

Kuna watu hudhani ziwa ni dogo kuliko bahari, kwa hiyo halina hatari. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Ukiwa katikati huoni nchi upande wo wote. Ni kweli kwamba si refu kwenda chini. Kuta za kreta yetu zina kimo cha mita 600 hivi, na kina kikubwa kabisa cha ziwa ni mita 80 hivi. Lakini asiyejua kuogelea hahitaji mita 80. Mita mbili zamtosha.

Tarehe 20 Septemba 2018

Sasa tusome habari ya huzuni. Tungeweza kuiacha, lakini ilitokea katika njia hii hii unayotaka kupita.

Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilichoitwa MV Nyerere kiliondoka Bugolora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Kivuko kilitengenezwa kubeba abiria 100 hivi. Siku ile kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na mizigo mingi juu yake. Kilikwenda vizuri karibu njia yote. Kilipofika karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wakiwa wanaona nyumba zao, kilipinduka.

Watu zaidi ya 220 walikufa. Walionusurika walikuwa 41. Mmoja wao alikuwa fundi wa mitambo, aliyetolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Alikuwa amekaa ndani ya kivuko kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Wengi wa waliokufa walizikwa pale pale Ukara, karibu na ziwa. Ukifika Bwisya utayaona makaburi yao. Simama kidogo. Vua kofia.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza katika ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 walipotea. Nayo ilikuwa imejaza watu kupita kiasi.

Baada ya ajali ya mwaka 2018 Serikali ilitengeneza kivuko kingine kwa ajili ya Ukara, kikubwa kuliko kile cha kwanza. Lakini chombo kikubwa nacho hujazwa. Tena siku kivuko kikiharibika, watu hupanda boti na mitumbwi yenye injini. Kwa hiyo kazi ya kutazama ni yako bado.

Tujiulize: kwa nini mtu mwenye akili zake hupanda chombo kilichojaa? Watu husema ni ujinga. Sisi hatukubali. Wale watu wa gulio walilijua ziwa kuliko sisi, walizaliwa ndani yake. Mtu hupanda kwa sababu ya haraka. Nyumbani ana mtoto mchanga. Ana ng'ombe hajakamuliwa. Fedha zimekwisha, na akikosa chombo hiki hana pa kulala. Na msafiri ameshalipa tiketi ya basi la kesho. Macho yanaona kwamba chombo kimejaa, lakini mfuko unasema panda.

Kwa hiyo tupange safari yetu kwa namna ambayo mfuko hautatusukuma.

Siku nane, si saba

Andika hivi katika daftari lako:

Siku ya 1: Karatu mpaka Bunda.
Siku ya 2: Bunda, Kisorya, Rugezi, Nansio.
Siku ya 3: Kutembea Ukerewe.
Siku ya 4: Nansio, Bugolora, kuvuka kwenda Ukara.
Siku ya 5: Kutembea Ukara.
Siku ya 6: Ukara mpaka Bunda.
Siku ya 7: Bunda mpaka Karatu.

Hizo ni siku 7. Sasa chini yake andika: Siku ya 8, ya kungojea.

Siku hii haina mahali pake maalumu. Pengine utaitumia Bugolora, kwa sababu kivuko kimejaa. Pengine utaitumia Bwisya, kwa sababu upepo ni mkali. Pengine hutaitumia kabisa, na utafika nyumbani mapema, watoto wakushangilie. Lakini iwepo, tena ina fedha zake.

Tufanye hesabu. Mnakwenda watu wawili. Bei tunazoandika hapa ni za mfano tu, za kujifunzia. Bei za kweli hubadilika. Piga simu au uliza stendi, kisha uandike zile utakazoambiwa.

Basi kwenda na kurudi: shilingi 50,000 kwa mtu mmoja kwa njia moja. Watu 2, njia 2. Jumla 200,000.
Kiingilio cha hifadhi, kwenda na kurudi, watu 2: jumla 80,000.
Vivuko: mtavuka mara 4. Shilingi 2,000 kwa mtu kila mara. Jumla 16,000.
Magari ya Bunda, Kisorya na visiwani: jumla 40,000.
Kulala: usiku 6, shilingi 15,000 kila usiku kwa chumba. Jumla 90,000.
Chakula: siku 7, shilingi 8,000 kwa mtu kila siku. Jumla 112,000.

Jumlisha zote. Utapata shilingi 538,000.

Sasa hesabu siku ya kungojea. Chumba cha usiku mmoja ni 15,000. Chakula cha watu wawili ni 16,000. Jumla ni shilingi 31,000. Safari nzima sasa ni shilingi 569,000.

Tazama hizo 31,000. Ukizilinganisha na safari nzima ni kidogo. Lakini ndizo zitakazokuwezesha kusimama gatini, ukatazama chombo kilichojaa, ukasema, "Nendeni salama, sisi tutangojea kesho." Asiyekuwa nazo hawezi kuyasema maneno hayo, hata kama anaogopa.

Zifunge mbali na fedha nyingine. Mwenye simu aziweke katika simu, mwingine azishone ndani ya nguo. Usizinunulie dagaa wa kupelekea jirani. Dagaa wa Ukerewe ni wazuri, na tunajua kwamba utashawishika. Waandikie dagaa fedha zao mbali.

Tiketi ya kurudi usiilipie kabla hujarudi bara. Ukishafika Bunda, ndipo uulize basi la kesho.

Ng'ombe nao wanangoja

Haraka nyingine hutoka nyumbani, kwa hiyo iondoe nyumbani. Usimwambie jirani kwamba utarudi siku ya saba. Ukimwambia siku ya saba na jioni ikaingia hujafika, atahangaika, atakupigia simu, na wewe utaanza kukimbia. Mwambie siku ya nane. Tena mwandikie, maana maneno ya mdomo hupotea. Hapa kuna barua ya mfano:

Ndugu jirani,
Salaam. Sisi tunaondoka Jumatatu alfajiri kwenda Ukara. Tutarudi Jumatatu ijayo. Hiyo ni siku ya nane. Tukirudi kabla, ni bahati. Tukichelewa, tutapiga simu. Maziwa ya asubuhi uchukue wewe. Ya jioni wapewe watoto na bibi yao. Ndama mwekundu asifunguliwe na mama yake. Pumba zimo katika gunia nyuma ya mlango. Ahsante sana.
Wako jirani.

Ni barua fupi. Lakini aliyeiacha nyumbani anaweza kukaa Bwisya akitazama mawimbi, roho yake imetulia kuhusu ndama.

Mbele ya chombo

Sasa umefika gatini. Wengine wanasukumana. Wewe usisukumane. Soma kwanza.

Ndiyo, soma. Chombo kilichopewa kibali huandikwa idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Zamani maandishi hayo yalikuwa kama urembo tu kwako. Leo unayajua. Ukiona imeandikwa ABIRIA 40, hesabu vichwa. Mkiwa 40 tayari na bado mtu anaita, "Njooni, nafasi ipo!", wewe umeshapata jibu lako.

Kisha tafuta maboya ya kujiokolea yako wapi. Kuyaona yamefungwa kwa kamba juu ya paa hakutoshi. Omba lako, ulivae, ufunge mikanda. Watu watakucheka. Wa Karatu hawa, watasema, wanaogopa maji! Waache wacheke. Wewe ukiwaona wageni wao wanavyoogopa nyati wa Ngorongoro, huwacheki?

Ukishaingia, kaa chini. Usihamie upande mmoja kwa sababu wengine wamehamia kutazama kitu. Chombo hulala upande wenye uzito. Mizigo mizito ikae chini, isirundikwe juu. Na mtoto asifungwe mgongoni chini ya boya lako. Awe na boya lake mwenyewe.

Kama jambo lo lote kati ya haya halipo sawa, shuka. Nauli ikipotea, imepotea. Siku ya nane iko mfukoni.

Ukiwa kisiwani

Hapa tutapita haraka. Nyanda zetu za juu zina baridi, na mbu ni wachache. Kando ya ziwa mbu ni wengi, na malaria ipo. Chukua chandarua chako. Ukirudi ukapata homa, hata baada ya wiki mbili, nenda kituo cha afya upimwe, na umwambie mganga kwamba ulikuwa ziwani.

Maji ya ziwa hupendeza kwa macho. Ukiona jua kali utatamani kuoga au kutia miguu. Usifanye hivyo. Kwenye maji ya kina kifupi, penye majani, wanakaa konokono wadogo. Ndani ya konokono hutoka vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi bila kuuma. Kichocho kimewasumbua sana watu wa visiwa hivi. Oga maji ya bomba au ya kisima. Ya kunywa yachemshe.

Ukifika Ukara nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ujitambulishe. Sema umetoka Karatu, u mkulima, umekuja kutembea. Pengine hawataamini. Mgeni anayekuja kuona mashamba tu, hauzi kitu wala hanunui, si wa kila siku. Omba upelekwe kwenye lile jiwe kubwa ambalo wenyeji husema hucheza likiimbiwa. Kisha omba kuona zizi. Uliza samadi hukaa muda gani kabla ya kupelekwa shambani. Uliza kama siku hizi vijana bado wanakata majani, au wamekimbilia uvuvi. Uliza mwanamke hutembea mwendo gani na kapu la samadi kichwani. Andika majibu katika daftari, maana utakaporudi darasani mwalimu atakuuliza.

Nao watakuuliza wewe. Watakuuliza juu ya simba. Watu wa mbali hudhani kwamba Karatu simba hulala uani. Waambie ukweli, lakini usiwamalizie hadithi yote siku ya kwanza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Gati: mahali chombo kinapofunga ili watu wapande na kushuka.
Nahodha: mtu anayeongoza chombo majini.
Boya la kujiokolea: vazi linalomfanya mtu aelee asizame.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Gulio: soko la siku maalumu.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Ukara iko upande gani wa Ukerewe?
2. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alizitaja sehemu sita. Visiwa ni vipi kati ya hizo?
3. Kwa nini ni vizuri kuvuka asubuhi kuliko baada ya adhuhuri?
4. Boti imeandikwa ABIRIA 25. Ndani mna wanaume 11, wanawake 9 na watoto 4. Wewe na mwenzako mnataka kupanda. Je, mpande? Onyesha hesabu yako.
5. Mnakwenda watu 3 badala ya 2. Watatu mtalala chumba kimoja. Tumia bei za mfano katika somo. Siku ya kungojea itahitaji shilingi ngapi?
6. Ulizeni bei za kweli stendi ya Karatu wiki hii. Kila mmoja aandike hesabu ya safari yake, na siku ya nane iwemo. Leteni hesabu hizo darasani siku ya Alhamisi.